Umwagiliaji wa matone wa presha ndogo

Ni njia ya kufikisha maji kwenye shina la mmea, tone kwa tone, kwa mipira myembamba inayolishwa na tangi lililowekwa juu ya jukwaa. Umwagiliaji wa matone wa kisasa ulikulia Israeli, ambako mhandisi Simcha Blass alibuni kidondoshi cha plastiki, kifaa kinachotoa matone hayo kwenye mpira. Kampuni ya Netafim ikaanzishwa mwaka 1965 katika kibutsi (kijiji cha ushirika) cha Hatzerim.

Vidondoshi vya kawaida hutaka presha sawa na kimo cha maji cha mita 10 hivi, na hapo ndipo pampu na bili ya umeme zinapoingia. Nguvu ya kusukuma maji hupanda sawia na presha, hivyo kidondoshi kinachoridhika na mita 1 au 2 humwondolea mkulima sehemu kubwa ya gharama. Miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, ilieneza seti za ndoo ya lita 20 iliyotundikwa kimo cha mita 1 hivi. Baadaye maabara ya Amos Winter, katika chuo cha MIT cha Marekani, ilibuni vidondoshi vinavyosawazisha maji kwa presha ya mita 1.5 tu.

Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam kando ya barabara ya Bagamoyo, inafaa kwa mfumo huu kwa sababu bustani zake ni ndogo na kati ya masika na vuli upo ukavu mrefu. Maji ya bomba hutoka mtambo wa Ruvu Chini, kwenye mto Ruvu. Oktoba 2022 mto huo ulipopungua, DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, iliweka mgao, na nyakati kama hizo bustani husubiri mahitaji ya jikoni yatimizwe kwanza. Visima husaidia, ingawa vilivyo karibu na bahari huweza kuwa na chumvi, ambayo matone huirundika pembeni mwa eneo lenye unyevu hadi mvua iioshe. Chujio ni la lazima. Mchanga kidogo tu huziba vidondoshi.

Nyanya, hoho, bamia na tikiti, zinazopandwa kwa nafasi, hufaidika zaidi. Mchicha, mboga kuu ya bustani za jiji, ni habari nyingine. Mbegu zake humwagwa tuta zima, na kulifunika tuta hilo kungehitaji mipira mingi yenye gharama kuliko faida ya mafungu ya mchicha yanayouzwa. Wengi huendelea kuumwagilia kwa keni.