Kitako cha Bunduki Bara ya Mombasa: Kutoka Pete za Fedha hadi Mabaka ya Kujificha

Kitako ni ile sehemu ya mbao inayobeba mtutu na mtambo wa bunduki, na ambayo mpigaji huiegemeza begani. Kwenye bara inayokizunguka kisiwa cha Mombasa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi, mbao hiyo kwa karne nyingi ilitengenezwa ili ionekane. Ilipakwa mafuta ikang'aa, ikavikwa pete za fedha, ikapigiliwa misumari ya shaba. Wazo la kuipaka rangi ya mabakamabaka ili jicho la adui lisiione ni la karne ya ishirini. Lilikuja na majeshi, na sababu kubwa ya kuchelewa kwake si uhaba wa rangi wala wa mafundi, bali ni moshi.

Bunduki za zamani zinazokumbukwa pwani ni za mrao. Mrao ni utambi wa kamba uliolowekwa dawa ili uungue polepole. Mpigaji alipovuta kibano, ncha yenye moto ilishuka kwenye kisahani cha baruti. Waarabu wa Oman waliiita bunduki hiyo Abu Fatila, yaani baba wa utambi. Mtutu wake ulikuwa mrefu sana na kitako chake chembamba, tofauti kabisa na vitako vinene vya Ulaya. Bunduki za namna hii zilikuwa mikononi mwa Waomani katika zama walipoizingira Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi walipoitwaa Desemba 1698, na ziliendelea kubebwa chini ya Wamazrui walioitawala Mombasa hadi 1837.

Bunduki ya Kiomani ikitazamwa kwa karibu, jambo la kwanza linalovuta jicho ni pete za fedha zilizouzungusha mtutu na mbao kwa pamoja, moja baada ya nyingine, kama bangili kwenye mkono. Pete hizo zilikuwa pambo na kazi kwa wakati mmoja, kwa kuwa ndizo zilizoushikilia mtutu usichomoke kwenye kitako. Sonara aliyezichonga nakshi alikuwa wa kundi moja na yule aliyepamba ala ya jambia. Mwenye bunduki hiyo hakuwa na haja ya kuificha. Ilikuwa sehemu ya mavazi yake ya heshima, na kitako kilichong'aa kilitangaza mali na ukoo wake kabla hajasema neno.

Hata angetaka kuificha asingeweza. Usiku, ncha ya mrao iliwaka kama jicho jekundu gizani, na harufu yake ilimtangulia mwenyewe. Baruti nyeusi nayo ilitoa wingu zito jeupe kila risasi ilipotoka, hivyo aliyepiga mara moja alikuwa amekwisha kujulikana alipo. Kupaka kitako rangi ya majani katika hali hiyo kungekuwa kazi bure.

Gumegume lilipokuja, mrao ukaachwa. Jiwe la kiberiti liligonga chuma na cheche zikawasha baruti. Baada yake ikaja fataki. Bunduki hizi zote za kushindilia kwa mdomo, zenye mdeki wake chini ya mtutu, ndizo watu wa pwani walizozoea kuziita magobori. Katika karne ya kumi na tisa zilimiminika Afrika Mashariki kwa wingi wa kutisha, kwa sababu majeshi ya Ulaya yalikuwa yakihamia bunduki za kujazwa kwa nyuma na kuziuza zile kuukuu kwa bei ya kutupa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia barani kila mwaka kupitia bandari za pwani hii. Biashara hiyo ilikwenda sambamba na pembe za ndovu na watumwa, na haifai kuitaja kwa lugha laini: gobori ndilo lililoviwezesha vikundi vidogo kuteka vijiji vizima.

Gobori la biashara lilifika na kitako cha mbao hafifu, na mahali palipovunjika mara nyingi ni shingo, pale mbao inapopungua nyuma ya mtambo. Tiba yake ilikuwa ile ile katika sehemu nyingi za Afrika. Ngozi mbichi ya ng'ombe ililoweshwa, ikazungushwa kwenye ufa na kushonwa ingali laini. Ilipokauka ilijikaza na kuibana mbao kuliko gundi yoyote. Wengine walizungusha waya wa shaba, na wengi walipigilia misumari midogo ya shaba yenye vichwa vya mviringo, kwa safu au kwa mafungu. Misumari hiyo haikuongeza nguvu yoyote. Ilikuwa alama ya mwenyewe. Kitako kimoja kilichotiwa kiraka cha ngozi na safu ya shaba hueleza maisha ya bunduki hiyo kuliko maandishi ya kiwandani yaliyo kwenye mtambo wake.

Wengi wa wenyeji wa bara, Wadigo wa upande wa Likoni na Waduruma walio nyuma ya Changamwe, waliendelea kutegemea upinde na mshale wa sumu. Silaha hiyo haikutoa moshi wala mlio. Katika historia ya kujificha wakati wa vita na uwindaji, mshale ulikuwa mbele ya bunduki kwa muda mrefu, na wale walioucheka hawakuufahamu msitu.

Biashara hiyo ya magobori na watumwa iliacha alama yake Kisauni pia mwaka 1875, pale jumuiya ya kimisionari ya CMS, chini ya William Salter Price, ilipoanzisha Freretown, makazi ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Makazi hayo yaliishi kwa tahadhari, maana walikuwapo wenye watumwa waliohesabu kila aliyekimbilia huko kuwa mali yao iliyopotea.

Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba huo ulilenga kupunguza utumwa, lakini pia uliwaacha Waafrika na magobori wakati wakoloni wakija na bunduki za rashasha aina ya Maxim. Tofauti hiyo ilionekana wazi katika vita vya Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi, kusini mwa Likoni. Admirali Rawson wa Uingereza aliiteka ngome yake ya Mwele tarehe 17 Agosti 1895, lakini Mbaruk na watu wake hawakupatikana, kwa kuwa vichaka na vilima viliwaficha vizuri kuliko rangi yoyote. Iliwabidi Waingereza kuleta kikosi kutoka India, na ni Aprili 1896 tu ambapo Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani.

Wakati huohuo, mbali na pwani, mambo mawili yalikuwa yakibadilika. La kwanza ni baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884 na kuingia katika bunduki za jeshi la Ufaransa miaka miwili baadaye. La pili ni kaki, neno lililotoka Kiajemi na Kihindi likiwa na maana ya rangi ya vumbi, ambayo askari wa Uingereza nchini India walianza kuivaa katikati ya karne hiyo. Risasi ilipoacha kutoa wingu jeupe, mpigaji aliweza kubaki amejificha hata baada ya kufyatua. Hapo ndipo rangi ya nguo, na hatimaye rangi ya bunduki yenyewe, ilipopata maana.

Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha jambo hilo Afrika Mashariki kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1914 askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti nyeusi, na kila walipopiga moshi uliwafichua mbele ya adui. Waliotumwa mstari wa mbele na silaha hizo hawakuulizwa. Wajerumani waliokuwa wakielekea Mombasa walizuiwa Gazi mnamo Oktoba 1914 na askari wa King's African Rifles (KAR), pamoja na kikosi cha Waarabu cha Mombasa kilichoongozwa na Arthur Wavell. Wavell aliuawa Mwele mnamo Januari 1916, kwenye eneo lile lile la ngome ya Mbaruk.

Kusini zaidi, manowari ya Wajerumani Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji tangu 1914, ikafunikwa matawi ya miti ili ifanane na mikoko. Iliangamizwa Julai 1915, na mojawapo ya mizinga yake sasa iko kwenye Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwaka huohuo Ufaransa iliunda kikosi maalumu cha wachoraji wa kujificha. Wadunguzi wa Ulaya walianza kupaka mavazi yao, na hata bunduki zao, mistari na madoa ya rangi.

Askari wa KAR hawakufundishwa hivyo. Bunduki yao ya kawaida ikawa Lee-Enfield ya .303, yenye kitako cha mti wa jozi, na amri ilikuwa kukisugua kwa mafuta ya mbegu za kitani mpaka mbao inywe na kung'aa. Kitako kilichofifia kilimletea askari adhabu kwenye gwaride. Kwa hiyo desturi ya pwani ya kitako kinachong'aa na amri ya kambi zilikutana mahali pamoja bila kujuana.

Mabaka yenyewe watu wa Likoni na Changamwe waliyaona majini. Wajapani waliposhambulia Colombo na Trincomalee Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza la Mashariki lilihamishia makao yake Kilindini. Meli kubwa za vita, Warspite miongoni mwao, zilitia nanga mbele ya macho ya wavuvi na abiria wa kivuko, ubavuni zimechorwa mapande ya rangi nyepesi na nzito yaliyokatana. Michoro hiyo haikuifanya meli itoweke. Ilimvuruga anayeitazama kwa mbali asijue kwa hakika ni meli gani, ina urefu gani na inaelekea wapi.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyokifikia kitako. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, ikapita bonde la Kabaw na kuitwaa Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Kaki iliachwa, sare zikawa za kijani cha msituni, na mng'ao wa mbao uliosifiwa kwenye gwaride ukawa hatari. Mdunguzi wa jeshi la Uingereza katika vita hivyo alizungushia bunduki yake vipande vya gunia vilivyotiwa rangi.

Sababu ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kutembea kichakani. Msituni hakuna mstari mrefu ulionyooka, na bunduki si kitu ila mstari mrefu ulionyooka. Anayepaka rangi huanza kwa kuondoa mng'ao kwa msasa na kuifuta mbao mafuta yote, maana rangi haishiki penye mafuta. Kisha hutandaza rangi moja hafifu ya vumbi au ya majani makavu. Juu yake huweka mabaka mazito zaidi, na hapo ndipo mafundi hutofautiana. Asiyejua huchora madoa madogo yanayofuata urefu wa kitako, nayo kwa mbali huchanganyika yakawa rangi moja. Anayejua hupitisha mapande makubwa kwa mshazari, yavuke kutoka mbao hadi chuma bila kusita kwenye kiungo, ili ukingo ukatike. Jani au kipande cha wavu kilichoshikwa mbele ya kinyunyizio hutosha kuwa kiolezo.

Baada ya uhuru ufundi huo ulibaki kambini. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa Desemba 1964, na kambi yake ya Mtongwe iko hapo hapo Likoni; meli zake ni za kijivu, rangi ya kujificha baharini. Kwa raia mlango ulizidi kufungwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa kabla ya uhuru, zama za Hali ya Hatari ya kikoloni, inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti, na anayetengeneza silaha kama biashara awe amesajiliwa. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku kote nchini, na bunduki za wawindaji zikakosa kazi. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 nayo inamzuia raia kutumia sare za kijeshi bila idhini.

Ukali huo Likoni unafahamika bila kuelezwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha kivukoni, wakaua polisi sita na kuchukua bunduki zaidi ya 40. Waliokufa katika ghasia zilizofuata walizidi 100, na maelfu walihama makwao. Mahali palipopita hayo, bunduki iliyofichwa si jambo la kuchezea.

Vitako vya zamani vilivyosalia vinastahili uangalifu mwingine. Anayekuta gobori la babu darini asikipige msasa kitako chake wala kukipaka rangi, hata kwa nia njema. Msasa mmoja huondoa kiraka cha ngozi, kutu ya misumari na alama za mikono ya vizazi vinne. Atoe taarifa kituo cha polisi, kisha awaone wahifadhi wa makumbusho ya Ngome ya Yesu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakihesabu kitu chochote kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na hakiruhusiwi kutoka nchini bila kibali.