Panya na Siri ya Ugonjwa wa Selimundu

Mafiga ya jikoni ni matatu, na kila mtoto ajua kwamba moja likiondolewa chungu huinama na mchuzi humwagika. Mtu asiyepata kufikiri juu ya kazi ya figa huijua siku ile. Ndivyo zilivyo kazi nyingi zilizofichika: zinapotendeka hatuzioni, zinapokoma twaziona. Kwa njia hiyo mabingwa wa Marekani na Uingereza walijifunza kuchunguza magonjwa yanayotoka kwa wazazi na kuwaingia watoto, na chungu walichokitazama kilikuwa mwili wa panya. Twataka kueleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza na ilikofika, maana mwisho wake wahusu ugonjwa unaowalaza watoto wetu wengi, yaani selimundu.

Kwanza tueleze jeni ni nini. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Ndani ya seli mna maagizo ya kuujenga mwili na kuutunza, na agizo moja huitwa jeni. Mtu ana jeni zipatazo 20,000, na karibu kila moja huja mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama. Panya naye ana jeni kadiri hiyo, na nyingi sana zafanana na zetu. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2002, hati ya jeni za panya ilipochapishwa. Ndiyo sababu kiumbe huyu, ambaye sisi twamjua kwa kutoboa magunia, amekuwa mwalimu wa waganga.

Habari za panya wa maabara zaanza kwa mwalimu wa shule. Bibi Abbie Lathrop aliacha kufundisha, akafuga kuku asipate faida, kisha yapata mwaka 1900 akaanza kufuga panya huko Granby, katika jimbo la Massachusetts, awauze kwa watu waliopenda kuwa nao nyumbani. Mabingwa wa vyuo wakaja kununua kwake. Mmoja wao, Clarence Little, aliwapandisha ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, hata panya wa ukoo mmoja wakafanana kama mapacha. Mwaka 1921 alianzisha ukoo kutokana na jike namba 57, wa mbegu ya Bibi Lathrop, na ukoo huo watumika hata leo katika maabara nyingi za dunia. Faida ya kufanana ni kubwa. Wawili wakiwa sawa kwa kila kitu ila kwa jeni moja, na mmoja akaugua, mtu ajua pa kuitafuta sababu.

Lakini kwa miaka mingi mabingwa walikuwa kama mtu angojaye figa lianguke lenyewe. Ilikuwa lazima jeni iharibike kwa bahati, ndipo waone panya mnene kupita kiasi, au kiziwi, au mwenye kutetemeka, na waanze kuulizana. Kuichagua jeni moja katika maelfu na kuiondoa kwa makusudi, hapana aliyeweza. Njia hiyo ilifunguliwa na watu watatu.

Wa kwanza ni Martin Evans, Mwingereza. Mwaka 1981, pamoja na Matthew Kaufman huko Cambridge, alitoa seli katika kiinitete cha panya cha siku chache, akazilea ndani ya chombo. Mwaka huo huo Bibi Gail Martin alifanya vivyo hivyo huko San Francisco. Seli hizo huitwa seli shina, kwa kuwa zaweza kuchipua kila sehemu ya mwili.

Wa pili ni Oliver Smithies, mzaliwa wa Halifax huko Uingereza, aliyefanya kazi Marekani. Yeye aliifikiria damu. Alitaka kujua kama agizo lililoharibika laweza kubadilishwa mahali pake lilipo, na mwaka 1985 alionyesha kwamba kipande cha jeni kilichotengenezwa maabara chaweza kuingia mahali halisi pa jeni ya damu katika seli za mtu.

Wa tatu ni Mario Capecchi, aliyezaliwa Verona, nchi ya Italia, mwaka 1937. Kama alivyosimulia mwenyewe, vita vilimtenga na mama yake, naye akiwa mtoto mdogo akazurura njiani pamoja na watoto wengine, akiiba chakula ili aishi. Mwaka 1946 mama yake alimkuta hospitalini, amedhoofika kwa njaa, akamchukua mpaka Marekani, na huko ndiko alikoanza shule. Mtoto huyo akawa bingwa katika Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 1980 aliomba fedha za serikali ili ajaribu kubadili jeni aliyoichagua ndani ya seli za panya. Wakaguzi walimjibu kwamba jambo hilo halielekei kufaulu, afadhali aliache. Hakuliacha. Alizitumia kwa kazi hiyo fedha alizopewa kwa kazi nyingine, na baada ya miaka minne wakaguzi wenyewe walikiri kwamba alifanya vema kutowasikiliza.

Njia yenyewe ni hii. Bingwa hutengeneza nakala ya jeni iliyovunjwa katikati, akaitia katika seli shina nyingi. Katika seli chache mno nakala hiyo huenda mahali pa jeni nzima na kuiondoa. Basi pamoja nayo hutiwa alama ya kuihimili sumu fulani, kisha seli zote hutiwa sumu. Zisizo na alama hufa, na katika zilizosalia huchaguliwa zile ambazo jeni imekaa mahali pake. Seli hizo hutiwa katika kiinitete cha panya wa rangi nyingine, nacho hupandikizwa tumboni mwa jike. Watoto huzaliwa na mabaka ya rangi mbili, dalili kwamba seli za kigeni zimeota. Katika uzao wao hupatikana wenye nakala moja iliyovunjika, na hao wakipandishwa wao kwa wao, mmoja katika wanne, kwa wastani, hukosa jeni hiyo kabisa. Mwaka 1987 Capecchi na Smithies, kila mtu kwao, walifaulu kubadili jeni katika seli shina, na mwaka 1989 panya wa namna hii walianza kutangazwa. Mwaka 2007 watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel.

Wala tusidhani kwamba panya ni mtu. Mwaka 1987 hiyo hiyo waliondoa jeni ambayo mtoto wa kiume akiikosa hujiuma midomo na vidole bila kuweza kujizuia. Panya walioikosa hawakujiuma. Panya hutoa fununu, na fununu yataka kuthibitishwa. Tena tusiifiche gharama yake: wanyama wengi waliugua na kufa ili sisi tujue.

Sasa twaja kwenye selimundu. Jina lenyewe laeleza: seli nyekundu ya damu, ambayo yapasa kuwa mviringo, hupinda mfano wa mundu, ikaziba mishipa, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kosa limo katika himoglobini, kitu kibebacho hewa ndani ya damu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kupima damu za makabila ya huko, alieleza kwa nini kosa hilo ni jingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na haba milimani. Mwenye nakala moja tu haugui selimundu, naye hukingwa kwa sehemu na malaria kali. Basi palipo na mbu wengi, nakala hiyo ilidumu.

Mwaka 1997 mabingwa wa Marekani waliziondoa jeni za himoglobini za panya, wakaweka mahali pake zile za mtu mwenye selimundu, hata panya akaugua ugonjwa wetu. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini nyingine, isiyopinda seli, nayo hufungwa baada ya kuzaliwa. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba mfungaji ni jeni iitwayo BCL11A. Je, ikiondolewa itakuwaje? Panya aliyeikosa mwilini mwote hufa punde azaliwapo, maana ina kazi nyingine pia. Kwa hiyo waliiondoa katika seli za damu peke yake, na mwaka 2011 wakatangaza kwamba himoglobini ya utoto ilirudi na panya wenye selimundu wakapona. Figa liliondolewa, na safari hii chungu kilisimama vema zaidi.

Kutoka kwa panya wakaenda kwa watu. Mwaka 2019 mwanamke wa jimbo la Mississippi alitolewa seli zake za kuzaa damu, jeni hiyo ikazuiwa humo kwa ufundi mpya, akarudishiwa, na maumivu makali yaliyomsumbua tangu utoto yakakoma. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba hiyo. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Twaijua bei hiyo maana yake nini kwetu. Watoto wengi zaidi wenye selimundu huzaliwa Afrika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizo nao wengi, lakini tiba imeanzia mbali nao. Kwa sasa wazazi washike yaliyo karibu: kupima damu mapema, kumkinga mtoto na malaria, kumpa dawa kama alivyoagiza mganga wa hospitali, na kutongoja homa ikue.

Tena liko jambo lisilo na bei. Katika vijiji vingi mtoto wa namna hii akifa, mama yake hunyoshewa kidole, husemwa kwa uchawi, pengine hurudishwa kwao. Na aitazame mtu hesabu ile ya panya: nakala moja kwa baba, nakala moja kwa mama, na kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Haiwezekani mtoto aupate ugonjwa huu kwa mama peke yake. Aliyemfukuza mke wake kwa ajili ya selimundu, yeye mwenyewe alichangia nusu ya ugonjwa, asijue.