Python na bei ya neno try

Wale mnaoandika Python huenda mmewahi kuambiwa msiweke try ndani ya kitanzi kinachozunguka mara milioni moja, eti inapunguza kasi. Chuoni tuliambiwa hivyo pia, na wakati ule ushauri huo ulikuwa na msingi. Siku hizi hauna, na leo nataka kuwaeleza ni kwa nini.

Guido van Rossum alianza kuiandika Python Desemba 1989 akiwa CWI, Amsterdam, na toleo la kwanza likatoka Februari 1991. Tangu siku hiyo lugha hii ilikuwa na uwezo wa kurusha na kushika hitilafu, wakati waandishi wa C walikuwa (na bado wako!) wakikagua namba inayorudishwa na kila fankisheni. Lakini hitilafu za mwanzo zilikuwa maneno matupu, yaani mfuatano wa herufi tu. Tena intapreta haikulinganisha maandishi yenyewe, iliangalia kama ni kitu kile kile kimoja kwenye kumbukumbu. Ungeweza kurusha "kosa" na kushika "kosa" na visikutane. Toleo la 1.5 liligeuza hitilafu za lugha yenyewe kuwa klasi, ila yale maneno yaliendelea kukubalika hadi 2.6 ya mwaka 2008 ilipokataa kabisa kuyarusha. Jambo jingine la kushangaza: kabla ya 2.5 (2006) hukuweza kuweka except na finally kwenye try moja. Ulilazimika kuweka try moja ndani ya nyingine.

Hayo ni ya juu juu. Utamu uko ndani ya intapreta.

Umewahi kuingia jengo la ofisi hapa Nairobi? Askari wa langoni anakuandika kitabuni: jina, namba ya kitambulisho, saa. Hujaiba kitu, lakini unaandikwa, just in case kama tunavyosema. Python ilifanya hivyo kwa miaka mingi. Kila ulipofika kwenye try, kulikuwa na agizo la baitikodi lililoweka kumbukumbu kwenye rundo dogo ndani ya fremu ya fankisheni: hitilafu ikitokea, ruka hadi mahali fulani. Ukitoka salama, agizo jingine linaifuta. Rundo hilo lilikuwa na nafasi 20, na fremu ya kila fankisheni ilibeba nafasi hizo zote hata kama haikuwa na try hata moja. Kazi ndogo, ndiyo, lakini inafanywa kila mara, na mara nyingi hakuna hitilafu yoyote inayotokea.

Kulikuwa na njia nyingine, na haikuwa ngeni. Barbara Liskov na Alan Snyder waliielezea mwaka 1979 walipoandika kuhusu CLU, lugha iliyotengenezwa MIT. Kompaila huandaa jedwali mapema: kuanzia agizo hili hadi lile, hitilafu ikitokea nenda pale. Programu inapokwenda sawa hakuna anayeligusa jedwali. Hitilafu ikitokea ndipo linafunguliwa na kutafutwa. Java imekuwa na jedwali la aina hiyo kwenye faili zake za klasi tangu miaka ya 1990.

Basi mbona Python ilichelewa hivyo? Maoni yangu ni kwamba lile rundo lilikuwa limeshikwa na kazi nyingi mno. Hata vitanzi vya kawaida vililitumia, ili break ijue pa kurukia. Vitanzi viliondolewa humo kwenye toleo la 3.8, mwaka 2019. Baada ya hapo rundo likabaki na try, with na jamaa zao, na ikawa rahisi kuuliza kama linahitajika kweli. Mark Shannon ndiye aliyelibadilisha kwa jedwali, na kazi hiyo ikatoka na Python 3.11, Oktoba 2022. Katika toleo hilo hilo Irit Katriel alipunguza jinsi intapreta inavyoihifadhi hitilafu, na muda wa kuishika ukashuka kwa asilimia 10 hivi.

Wenyewe wanaiita njia hii "gharama sufuri". Mimi ningesema karibu sufuri, kwa sababu mara nyingine try huacha agizo tupu lisilofanya lolote. Na kurusha hitilafu yenyewe bado si bure: lazima itengenezwe, jedwali litafutwe, fremu zifungwe moja baada ya nyingine. Kwa hiyo kama nusu ya data yako ina kasoro, kukagua kwa if kabla ya kuendelea huenda bado kukawa na kasi zaidi. Lakini kama unapokea malipo na moja tu kati ya elfu ndiyo huja na kiasi kisichosomeka, weka try bila wasiwasi. Nimeona watu wakiiondoa ili kuokoa sekunde ambazo hazipo, kisha programu nzima inaanguka usiku kwa rekodi moja mbovu.

Ukitaka kujionea, chukua toleo la 3.11 au la baadaye, andika fankisheni fupi yenye try, kisha import dis na uipitishe kwenye dis.dis. Shuka hadi mwisho kabisa. Utakuta ExceptionTable, na chini yake mistari michache: kutoka hapa hadi pale, nenda kule.