Kuiga na Kubuni: Habari za Taarabu ya Unguja



Wahenga walisema, aigaye tembo hupasuka msamba. Kwa methali hiyo wazee wengi huwakataza vijana kuiga, wakidhani ya kuwa mwigaji hapati kamwe ufundi ulio wake. Sisi twaona methali hiyo ni ya kweli kwa mtu ajitwikaye jambo lipitalo kadiri yake, lakini si hukumu juu ya kila aigaye. Ushahidi wetu ni tarikhi ya taarabu.

Sayyid Barghash bin Said alitawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888. Yasimuliwa kwamba alileta wapigaji wa ala kutoka Misri ili watumbuize katika jumba lake, kisha akampeleka kijana aitwaye Mohamed Ibrahim huko Cairo, ajifunze kupiga kanuni. Aliporudi aliwafunza wenzake. Katika mwaka 1905 kikaundwa mjini chama cha Ikhwani Safaa. Watu wa chama hicho waliimba kwa Kiarabu, kwa lahani za Misri, wakifuatishwa na udi, kanuni, fidla na dafu. Huo ulikuwa wakati wa kuiga. Mchukuzi asiyejua Kiarabu aliweza kuusifu uzuri wa sauti, lakini habari za maisha yake hazikuwamo.

Sasa na tumtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa maskini. Mamaye alikuwa mfinyanzi, naye binti alivitembeza vyungu akivinadi kwa sauti yake. Katika mwaka 1911 alihamia mjini, na huko wajuzi wa muziki wakamfunza kuimba. Alianza kama waanzavyo wanafunzi wote: akafuata matamshi ya walimu, akafuata lahani zao, akajifunza mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuirejeza sauti.

Lakini hakukoma hapo. Mtu akiisha kuishika lahani hata isimsumbue tena, akili yake hupata nafasi ya kutafuta la kusema. Siti alisema kwa Kiswahili. Aliimba mapenzi, na pia aliimba mambo ya mitaani na ya mahakamani. Wimbo wake uitwao Kijiti wasimulia habari za mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na mwuaji aliyetoroka hali wengine wakaadhibiwa. Hayo hayakutoka Misri. Ala zilikuwa zile zile, bali kilio kilikuwa cha watu wa hapa, na maskini akasikia habari zake zikiimbwa kwa heshima ile ile waliyopewa wafalme. Katika mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay pamoja na wenzake, na sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri za kampuni ya HMV.

Siti alifariki mwaka 1950, lakini mnyororo haukukatika. Fatuma binti Baraka, ajulikanaye kwa jina la Bi Kidude, alizishika nyimbo za Siti akaziimba. Naye hakubaki kuwa kivuli. Alikuwa na sauti nzito yake mwenyewe, tena alikuwa mjuzi wa ngoma za unyago, akasifiwa kwa hizo mpaka kufa kwake mwaka 2013.

Hapa kwetu Kisiwa Panza jambo hili si geni. Msichana ajifunzaye kusuka hufuata ukili wa mamaye, njia kwa njia. Hatumcheki wala hatumwiti mwizi, kwani twajua kuwa mkono usiozoea njia za zamani hauwezi kutengeneza pambo jipya. Mbona basi kijana atungaye shairi kwa kufuata vina vya mwalimu wake huchekwa, hata akaitupa kalamu?

Wazazi na walimu, msiwavunje moyo waigao. Waulizeni mambo mawili tu: Je, wamtaja aliyekufunza? Na je, una neno lako la kusema? Asiyemtaja mwalimu wake ni mwizi wa heshima, na asiye na neno lake atabaki kuwa mwangwi. Bali mwenye yote mawili, mwacheni aendelee kuiga, kwani yu njiani.