Maji ya Mfongo na Jirani wa Chini

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, waliikuta mifongo imekwisha kuchimbwa. Wachaga walikuwa wakiyatoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye migomba, bila saruji wala bomba. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyetumika miaka mingi Old Moshi, aliandika mengi juu ya mila za watu hao. Mfongo ulikuwa na wenyewe na wazee wake. Kila nyumba ilikuwa na zamu, na asiyefika siku ya kuuzibua alitozwa faini. Huko Upare, ndiva zilihifadhi maji ya usiku ili mchana yagawiwe.

Hatusemi kwamba enzi zile hazikuwa na dhambi. Wanawake, ambao ndio waliochota maji, hawakuketi katika baraza la mfongo. Hata hivyo wazee wale walijua jambo ambalo sisi tumelisahau: maji yanayopita shambani kwangu yana mtu mwingine anayeyangoja.

Leo mtu huyo yuko mbali sana. Maji ya Kilimanjaro na Meru hushuka kwa mito Ruvu na Kikuletwa, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, kisha mto Pangani huvuka nyika hadi Bahari ya Hindi. Njiani yanangojwa na wavuvi wa bwawani, wafugaji wa nyikani, wakulima wa mpunga na miwa, na mitambo ya umeme ya Hale na ile ya Pangani iliyoanza kazi mwaka 1995. Mto unapopungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuwaharibia wakulima wa mdomoni.

Tumezoea kulaumu mbingu. Ni kweli kwamba mvua hazitabiriki kama zamani, na ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi mno kaskazini mwa nchi yetu. Ni kweli pia kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 imetoweka. Lakini wataalamu wanatuambia kwamba mito yetu hailishwi hasa na barafu, bali na msitu unaopokea mvua na ukungu. Msitu huo haukukatwa na mbingu.

Serikali ilianzisha ofisi ya maji ya bonde la Pangani mwaka 1991, na sheria ya mwaka 2009 imezipa nafasi jumuiya za watumia maji. Ni hatua njema. Ila kibali cha maji ni karatasi tu, kama hakuna dhamiri inayomzuia mtu kufungua maji usiku wakati zamu si yake.

Hapo ndipo Kanisa linapohusika. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anataja hali njema ya hewa, na katika orodha hiyo hiyo anataja serikali njema na majirani waaminifu. Sisi tumeichukua nusu ya ombi. Tunaomba mvua, hatuombi kufanywa majirani waaminifu.

Tuanze na nyumba yetu wenyewe. Chuo chetu kipo upande wa juu. Kiangazi kilichopita tuliombea mvua kila asubuhi kanisani, na bustani yetu ilimwagiliwa mchana kutwa. Siku moja walikuja wazee watatu kutoka kijiji cha chini, wakauliza kwa upole kama tuna habari kwamba mfongo haufiki kwao. Hatukuwa na habari, kwa kuwa hatukuwa tumeshuka kwenda kutazama. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo walionona ambao hunywa maji safi na kuyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao. Tulikuwa tumelihubiri neno hilo mara nyingi, tukiwawazia watu wengine.

Sasa tunamwagilia siku mbili kwa juma, na wanafunzi wetu hushuka pamoja na wanakijiji kuzibua mfongo. Ni jambo dogo, wala halitajaza bwawa. Lakini usharika ulio juu ya mto ukitaka kufunga na kuombea mvua, kwanza ushuke ukawaulize walio chini kama maji yanawafikia.