Verckys na saksafoni iliyopata uraia Kongo

Wazee wa Bunia waliokuwa vijana enzi za Zaire hawahitaji kuambiwa Verckys alikuwa nani. Kutoka Kinshasa hadi Ituri ni zaidi ya kilomita 1,500, lakini redio na santuri zilivuka misitu yote hiyo, na saksafoni yake ikachezewa dansi huku kama kule.

Chombo chenyewe ni cha Mbelgiji, Adolphe Sax wa Dinant, aliyekipatia hataza mjini Paris mwaka 1846. Bendi za jeshi zilikipokea mapema. Baadaye Wamarekani Weusi wakakifanya msemaji wa jazi. Kilipofika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, Wakongo walikitia katika rumba. Bendi ya OK Jazz ilipoanzishwa tarehe 6 Juni 1956, mpulizaji Jean Serge Essous alikuwa miongoni mwa waasisi. Baadaye akaja Isaac Musekiwa kutoka Rhodesia ya Kusini.

Georges Kiamuangana Mateta alizaliwa Kisantu mwaka 1944. Alijifunza kupuliza katika Kanisa la Kimbangu, akianzia filimbi na klarineti, hadi saksafoni ilipomteka moja kwa moja. Alimhusudu mpulizaji wa Kimarekani King Curtis, na kutokana na jina hilo, alivyolisikia yeye, akajiita Verckys. Mwaka 1963 Franco, kiongozi wa OK Jazz, akamchukua katika bendi hiyo. Katika orkestra ile gitaa ndilo lililotawala, lakini kijana huyu alipuliza kwa sauti nene yenye mikwaruzo, na wachezaji wakapata sababu ya pili ya kubaki uwanjani.

Mwaka 1969 alijitoa, akaunda Orchestre Vévé. Mwaka 1972 alitoa “Nakomitunaka”, wimbo uliohoji kwa nini picha za kanisani humchora malaika mweupe na shetani mweusi. Alimiliki pia lebo yake, akawarekodi vijana wa bendi za Bella Bella na Lipua Lipua, na mwaka 1978 akafungua Vévé Centre mjini Kinshasa. Wanamuziki wengi wa kizazi chake walipiga muziki uliowatajirisha wengine. Yeye alihakikisha jasho lake linabaki mikononi mwake.

Hata hivyo, vijana walifuata njia ya bendi ya Zaiko Langa Langa: magitaa na ngoma vikashika nafasi ya vyombo vya kupuliza. UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, wakati wapulizaji wamekuwa haba. Verckys alifariki tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78.

Urithi huu hautalindwa kwa cheti cha UNESCO. Verckys alipata kanisani kile ambacho mtoto hawezi kujipatia: chombo, mwalimu na wenzake wa kupuliza nao. Bunia ina makanisa mengi na watoto wengi wenye masikio makali. Kanisa linapochanga fedha za kinanda kingine cha umeme, linunue saksafoni badala yake, limtafute anayejua kuipuliza, na limkabidhi wanafunzi.