Askari wa zamani, uraibu na mahakama: nani anaunganisha huduma Arua na Koboko?

Uganda haina mahakama maalumu ya dawa za kulevya, wala mahakama ya askari wa zamani. Mtu aliyewahi kushika bunduki akikamatwa na bangi mjini Koboko, au akishtakiwa kwa vurugu za ulevi mjini Arua, husimama mbele ya hakimu yuleyule anayesikiliza kesi za wizi wa kuku na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Hakimu huyo huliona kosa. Ni nadra kuelezwa habari za mkosaji mwenyewe: alipigana wapi, alianza kunywa lini, aliwahi kutibiwa au la.

Makala haya yanaeleza jinsi mahakama za aina hiyo zinavyofanya kazi kwingineko, sheria na huduma zipi tayari zipo katika eneo la West Nile, na kwa nini huduma hizo haziwafikii kwa pamoja watu wanaozihitaji.

Mahakama hizi zilianzaje?

Mahakama ya kwanza ya dawa za kulevya ilianzishwa Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mwaka 1989. Mahakimu walikuwa wamechoka kuwaona watu walewale wakirudi kizimbani kwa kosa lilelile. Badala ya kifungo, mshtakiwa aliyekubali masharti alipewa matibabu, akapimwa mara kwa mara kama bado anatumia dawa, na akatakiwa kurudi mbele ya hakimu kila baada ya muda mfupi kueleza maendeleo yake.

Mwaka 2008, Jaji Robert Russell wa mji wa Buffalo, jimbo la New York, alianzisha mahakama ya matibabu kwa ajili ya askari wa zamani. Alikuwa tayari akiendesha mahakama ya dawa za kulevya na ya wagonjwa wa akili, akaona idadi ya askari wa zamani ikiongezeka. Kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mwanzo wake ni cha askari mmoja wa zamani ambaye hakuwa akimjibu jaji wala washauri. Jaji aliwaomba watu wawili waliokuwa wakifanya kazi pamoja naye, ambao wenyewe walipigana Vietnam, watoke naye nje wazungumze. Aliporejea alisimama wima na kuahidi kujitahidi zaidi. Leo kuna mamia ya mahakama za namna hiyo nchini Marekani.

Nguvu yake haitokani na jaji peke yake. Kuanzia mwaka 2009, Idara ya Maveterani ya Marekani imekuwa na maafisa ambao kazi yao ni kusimama kati ya mahakama, gereza na hospitali. Afisa huyo anajua ni nani amekamatwa, anastahili huduma gani, na ni kliniki ipi yenye nafasi. Pamoja naye kuna mlezi wa kujitolea, askari wa zamani kama mshtakiwa, anayempigia simu, anayemsindikiza na kumsikiliza. Ukiyaondoa hayo mawili, kinachobaki ni mahakama ya kawaida yenye jina jipya.

Nani ni askari wa zamani West Nile?

Swali hili lina jibu gumu Arua na Koboko kuliko Buffalo, kwa sababu watu wa eneo hili walipigana chini ya bendera nyingi.

Wapo waliotumikia jeshi la Idi Amin hadi lilipoanguka mwaka 1979, kisha wakakimbilia Sudan na Zaire, na kwa miaka mingi wakadai mafao yao. Wapo waliojiunga na UNRF ya Moses Ali katika miaka ya 1980. Wapo waliokuwa katika jeshi la NRA na wakapunguzwa kati ya mwaka 1992 na 1995, wakati Bodi ya Kuwasaidia Maveterani ilipowaondoa jeshini takriban askari 36,000 nchi nzima. Wapo waliokuwa katika kundi la West Nile Bank Front la Juma Oris, lililovunjika nguvu mwaka 1997. Na wapo wa UNRF II, waliotia saini mkataba wa amani na serikali mjini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002.

Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilifungua mlango kwa waasi walioacha silaha. Tume ya Msamaha, iliyokuwa na ofisi Arua, iliwapa cheti pamoja na kifurushi cha kuanzia maisha: shilingi 263,000 za Uganda na vitu vya nyumbani kama godoro, sufuria, jembe na mbegu. Cheti kilifuta kosa la uasi. Hakikufuta ndoto za usiku, na hakikuwa kadi ya matibabu.

Hivyo basi, wanaume wawili wa kijiji kimoja, waliopigana vita vya miaka ileile na wanaokunywa waragi katika banda lilelile, wanaweza kuwa na hadhi tofauti mbele ya serikali. Mmoja ni mstaafu mwenye namba ya jeshi, mwingine ni mtu aliyesamehewa. Marekani nako kuna tatizo linalofanana na hili: askari aliyefukuzwa jeshini kwa aibu kwa kawaida hukosa huduma za Idara ya Maveterani, ingawa kiwewe chake kinaweza kutokana na vita vilevile. Mpango wowote wa West Nile utalazimika kuamua mapema kama unawahudumia watu kwa sababu ya cheo walichokuwa nacho au kwa sababu ya ugonjwa walio nao.

Sheria zilizopo

Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015 iliweka adhabu kali na kuiingiza mimea ya bangi na mairungi katika orodha ya mimea inayodhibitiwa. Mwezi Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta kwa sababu ilipitishwa bungeni bila akidi kuthibitishwa. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka huohuo.

Sheria nyingine mbili hazizungumzwi sana, lakini kwa mtu mwenye uraibu zina uzito mkubwa.

Ya kwanza ni Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000. Kwa kosa dogo, yaani lile ambalo mahakama inaweza kulitolea kifungo kisichozidi miaka miwili, hakimu anaweza kuamuru mkosaji afanye kazi ya manufaa kwa umma badala ya kwenda gerezani, iwapo mkosaji mwenyewe ataridhia. Amri hiyo haizidi miezi 6, na kazi haizidi saa 8 kwa siku. Mtu anabaki nyumbani kwake, chini ya uangalizi, karibu na kituo cha afya.

Ya pili ni Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani. Sheria hii inautambua uraibu wa pombe na dawa kuwa miongoni mwa maradhi ya akili, na inataka huduma za akili zipatikane hata katika vituo vya afya vya ngazi ya chini.

Kwa maneno mengine, hakimu wa Koboko hahitaji kusubiri Bunge liunde mahakama mpya ndipo aanze kuuliza kama mtu aliye mbele yake ni mgonjwa. Anachohitaji ni mtu wa kumjibu.

Huduma ziko wapi?

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Butabika, yenye kitengo cha waraibu wa pombe na dawa, iko Kampala, zaidi ya kilomita 450 kutoka Arua. Koboko ina hospitali ya wilaya. Barabara ya lami ya kilomita 92 inayotoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, imepunguza saa za safari. Haijapunguza nauli kwa mtu asiye na kazi.

Nje ya hospitali kuna maafisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, wahudumu wa afya wa vijiji, wenyeviti wa LC1, viongozi wa misikiti na makanisa, na vyama vya maveterani. Kuna pia mashirika yenye uzoefu wa ushauri nasaha, likiwemo TPO Uganda, lililoanza mwaka 1994 kwa kuwahudumia wakimbizi wa Sudan. Hakuna hata mmoja kati ya hawa mwenye wajibu wa kumfuata mtu huyohuyo kutoka seli hadi nyumbani.

Saa za kwanza ndizo za hatari

Umuhimu wa uratibu huonekana wazi zaidi katika siku mbili za kwanza. Katiba ya Uganda inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mtu aliyezoea kunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, akiikosa ghafla, anaweza kuanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache, kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, na hata kufa.

Askari polisi asiyeijua hali hiyo anaweza kudhani mtu huyu ni mkaidi. Jamaa zake wanaweza kusema ni mapepo. Kumbe ni dharura ya kitabibu yenye tiba inayojulikana, na dawa zake si ngeni katika hospitali za kawaida. Simu moja kutoka kituo cha polisi kwenda kituo cha afya inaweza kuokoa maisha kabla hakimu hajafungua jalada.

Ndiyo maana mpango unaotazama bangi na mairungi peke yake hautatosha. Kunywa waragi si kosa la jinai kwa mtu mzima. Uganda ilipiga marufuku pombe ya vifuko mwaka 2019, lakini ya chupa na ya kienyeji bado inauzwa. Mnywaji hufikishwa mahakamani kwa jina jingine: kupiga, kutishia, kuharibu mali.

Uratibu una maana gani kwa vitendo?

Chukua mfano wa mtu wa kubuni, mwenye umri wa miaka 50, aliyekamatwa Koboko kwa kumpiga jirani akiwa amelewa. Uratibu ungekuwa na hatua hizi:

Polisi wanamuuliza maswali machache ya afya anapoingia seli, na kumwita mhudumu wa afya akionyesha dalili.

Afisa wa ustawi wa jamii anaandika taarifa fupi kwa hakimu: historia ya vita, unywaji, familia, na kauli ya jirani aliyepigwa.

Hakimu, kama kosa linaruhusu na mshtakiwa ameridhia, anatoa amri ya huduma kwa jamii, na kazi inapangwa isigongane na siku za kliniki.

Askari wa zamani anayeheshimika kijijini, aliyepata mafunzo, anakuwa mlezi wake.

Mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu inayojulikana kwa wote, anauliza kila wiki: amekwenda kliniki? amefika kazini? jirani yu salama?

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo isiyo na mwenyewe kwa sasa. Hakimu hawezi kuifanya, daktari hana muda, na mwenyekiti wa LC1 hana mamlaka.

Maswali ya haki

Mahakama za matibabu zina wakosoaji wake. Wapo wasemao kwamba matibabu yanayosimamiwa na jaji yanaweza kugeuka adhabu, hasa pale mtu anapoteleza na kurudia pombe au dawa, jambo ambalo wataalamu huliona kuwa sehemu ya ugonjwa. Wengine huuliza juu ya siri: aliyoyasema mgonjwa kwa mshauri yasije yakasomwa kizimbani.

West Nile ina swali lake la ziada. Kwa nini aliyebeba bunduki apewe nafasi ambayo mwathirika wa bunduki hana? Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali ya wakati huo. Manusura wa siku kama hizo nao wana kiwewe, na baadhi yao wanakunywa. Wapo pia wanawake walioishi msituni na wapiganaji, wasiokuwa na namba ya jeshi wala cheti.

Jibu lenye mashiko ni kwamba mlango ukifunguliwa kwa ugonjwa, wote hao wanaweza kuupita. Mlezi aliyewahi kuwa askari anamfaa askari. Taarifa ya afya mbele ya hakimu inamfaa kila mtu.

Familia inaweza kufanya nini?

Ndugu akikamatwa, familia iwaeleze polisi mapema kama hunywa kila siku, anatumia dawa gani, na kama amewahi kupata degedege. Ilete kadi ya hospitali na, kama kipo, cheti cha msamaha au karatasi za jeshi. Ikiwa kosa ni dogo, mshtakiwa au wakili wake anaweza kuomba hakimu afikirie huduma kwa jamii. Familia pia inaweza kumtafuta afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya kabla ya siku ya kesi.

Hadi wilaya zitakapompa mtu mmoja kazi ya kuunganisha huduma hizi, kazi hiyo itaendelea kufanywa na mke, mama au dada, anayetoka polisi kwenda mahakamani na kutoka mahakamani kwenda hospitalini, akirudia maelezo yaleyale katika kila ofisi.